Panzi: Elimu ya tiba iliyozaliwa vitani, nani ataitunza?

Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 katikati ya Februari 2025, siku chache baada ya uwanja wa ndege wa Kavumu kutekwa, maswali ya kwanza kuhusu Hospitali ya Panzi yalikuwa yale ambayo kila mkaaji angeuliza. Dawa zipo? Waganga wamebaki? Mafuta ya jenereta yatatoka wapi?

Kuna swali lingine ambalo halisikiki sana. Panzi ni hospitali ya kufundishia ya Université Évangélique en Afrique (UEA) ya Bukavu. Kwa zaidi ya miaka 25 imekusanya elimu ambayo ni hospitali chache sana duniani zinayo: namna ya kutibu mwili ulioharibiwa kwa makusudi, namna ya kuandika majeraha hayo ili hakimu ayaelewe, na namna ya kumsindikiza mgonjwa hadi aweze tena kuishi kati ya watu. Elimu hiyo imetoka kwa wanawake wa Kivu, kwa maumivu yao. Wao na watoto wao bado wanaihitaji. Je, itabaki Kivu?

Kutoka Lemera hadi Panzi

Historia ya hospitali hii haikuanza na utafiti. Daktari Denis Mukwege, aliyesomea udaktari Burundi na baadaye magonjwa ya wanawake mjini Angers, Ufaransa, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Lemera, katika milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi. Tarehe 6 Oktoba 1996, mwanzoni mwa vita vya kwanza, hospitali hiyo ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa, wengine wakiwa vitandani.

Panzi ilifunguliwa mwaka 1999, kusini mwa mji wa Bukavu, chini ya kanisa la CEPAC na kwa msaada wa marafiki wa Sweden. Nia ilikuwa rahisi: wanawake waache kufa wakati wa kuzaa. Palihitajika materinite nzuri, chumba cha upasuaji na wakunga waliofundishwa.

Lakini Mukwege ameeleza mara nyingi hadharani kwamba mgonjwa wa kwanza kupasuliwa hakuwa mja mzito. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na watu wenye silaha, kisha akapigwa risasi. Wengine wakafuata, wakitoka vijiji mbalimbali, wakiwa na majeraha yanayofanana. Chuo cha udaktari hakikuwa kimemwandaa mtu yeyote kwa hali hiyo.

Hapo ndipo utafiti wa Panzi ulipozaliwa. Mganga anapoona jeraha moja la ajabu, analitibu. Akiona la pili na la tatu, anaanza kuandika. Akifika la mia, lazima ajiulize: majeraha haya ni ya aina ngapi, yapi yanapona kwa upasuaji mmoja, yapi yanahitaji mara tatu au nne, na kwa nini?

Hesabu iliyosahihisha hadithi

Ugonjwa unaoonyesha vizuri faida ya kuandika ni fistula. Ni tundu linalojitokeza kati ya njia ya uzazi na kibofu cha mkojo, au kati ya njia ya uzazi na utumbo mkubwa. Mwanamke mwenye fistula anavuja mkojo au choo bila kuweza kujizuia. Harufu inamfukuza katika ndoa, kanisani, sokoni.

Kwa kuwa vita vya mashariki vilijulikana ulimwenguni kwa ubakaji, watu wengi wa nje waliamini kwamba fistula za Panzi zinatokana karibu zote na ubakaji. Hadithi hiyo ilikuwa na nguvu, na iliwagusa wafadhili. Lakini watafiti walipochunguza wagonjwa 604 wa fistula waliopokelewa Panzi kati ya Novemba 2005 na Novemba 2007, picha ikawa tofauti. Wanawake 24, yaani 4 kwa 100, walisema fistula yao ilitokana na ubakaji. Na kati ya hao 24, ni 5 tu ambao jeraha lilisababishwa moja kwa moja na kitendo chenyewe. Wengine waliumizwa na matibabu mabaya waliyopewa baada ya kubakwa, au walikuwa na fistula hata kabla ya kushambuliwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008.

Sasa wale 580 waliobaki walipata fistula wapi? Wengi mno waliipata katika kuzaa. Mama anaumwa uchungu siku mbili, siku tatu. Mtoto amekwama. Kichwa chake kinabana nyama za mama juu ya mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa, na baada ya siku chache inaacha tundu. Mara nyingi mtoto naye amekwisha kufa. Kilichokosekana ni upasuaji wa kumzalisha kwa wakati: barabara, gari, mganga, chumba cha upasuaji, na franka za kulipa.

Matokeo hayo hayapunguzi uzito wa ubakaji hata kidogo. Yanaonyesha kwamba vita vinaharibu wanawake kwa njia mbili: kwa mikono ya wenye silaha, na kwa kuvunja vituo vya afya hadi kuzaa kwenyewe kunageuka hatari. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2020, katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Congo, akina mama 547 walipoteza maisha. Anayetaka kumaliza fistula Kivu akipambana na ubakaji peke yake, bila kujenga materinite za Shabunda, Fizi au Walungu, atawaacha wengi nyuma. Bila hesabu ile ya 604, kosa hilo lingeendelea.

Tiba ya nguzo nne

Ugunduzi mkubwa wa Panzi hauko katika mashine. Uko katika mpangilio wa kazi.

Miaka ya mwanzo, waganga waliwashona wagonjwa na kuwaruhusu kwenda. Baadhi walirudi, wakiwa wamebakwa tena. Wengine walikuwa wamepona mwilini lakini hawalali, hawali, hawasemi. Wengine hawakuwa na mahali pa kwenda. Upasuaji uliofanikiwa ulikuwa unaishia katika maisha yaliyoshindikana.

Ndipo ukajengeka mfumo unaojulikana leo kama mfano wa Panzi, wenye nguzo nne chini ya paa moja: matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa sheria, na kumwezesha mgonjwa kujitegemea kwa kusoma, kushona, kulima au kufanya biashara ndogo. Mgonjwa haambiwi aende ofisi nne na kusimulia aibu yake mara nne kwa watu wanne. Anapokelewa mahali pamoja, na wahudumu ndio wanaomfuata yeye. Fondation Panzi, iliyoanzishwa mwaka 2008, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ya nje ya upasuaji.

Kwa waganga, mpangilio huu unadai haraka. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa zinafaa zikianza ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia mimba zina siku 5. Mwanamke anayetembea siku nne kutoka msituni amekwisha kupoteza nafasi ya kwanza kabla ya kuona lango la hospitali. Ndiyo sababu mfano wa Panzi umekuwa ukisukumwa kuelekea vijijini, ili huduma imfikie mgonjwa alipo. Umevuka pia mipaka hadi Bangui, Jamuhuri ya Afrika ya Kati, ambako waganga wamejifunza kwa wenzao wa Bukavu. Ni mara chache elimu ya tiba kusafiri kutoka Kivu kwenda kwingine. Kwa kawaida inatoka ng'ambo kuja huku.

Kamera ndogo, mzigo mkubwa

Upande wa upasuaji, Panzi haikubaki nyuma. Profesa Guy-Bernard Cadière wa Ubelgiji, mmoja wa mabingwa wa upasuaji wa kutumia kamera, amefika Bukavu mara nyingi na kikosi chake kufanya kazi pamoja na Mukwege na kufundisha waganga wa hapo. Katika upasuaji huo tumbo halifunguliwi kwa kisu kirefu. Matundu madogo yanatosha kuingiza kamera na vyombo vyembamba, na daktari anafanya kazi akitazama skrini.

Kwa mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa mara nyingi, faida ni kubwa. Kidonda ni kidogo, maambukizo yanapungua, siku za kulazwa zinapungua, na daktari anaweza kufika mahali ambapo makovu ya zamani yameziba njia.

Lakini mbinu hiyo inadai umeme usiokatika, gesi ya kujaza tumbo, vyombo vinavyosafishwa kwa uangalifu na vipuri ambavyo haviuzwi katika soko la Kadutu. Waganga wanaweza kufundishwa wakajua kazi vizuri, kisha ikasimama kwa kukosa kifaa kimoja kidogo kilichokwama njiani. Kila uvumbuzi wa hospitali ya kufundishia unabeba swali hili: je, wanafunzi wataweza kuufanya siku ambayo mgeni hayupo na ndege haitui?

Fishi ya mgonjwa mbele ya mahakama

Sehemu nyingine ya elimu ya Panzi haionekani katika chumba cha upasuaji. Ni fishi.

Mwaka 2010, Harvard Humanitarian Initiative na shirika la Oxfam walitoa ripoti iliyotokana na habari za wanawake 4,311 waliofika Panzi kati ya 2004 na 2008. Ripoti ilionyesha kwamba 60 kwa 100 walibakwa na kundi la watu wenye silaha, na kwamba zaidi ya nusu walishambuliwa nyumbani mwao. Ilionyesha pia jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia: katika miaka hiyo, ubakaji uliofanywa na raia wa kawaida uliongezeka mara 17. Ugonjwa wa askari ulikuwa umeingia mitaani. Ushauri wa kwamba wanawake wasiende porini peke yao haukuwa na maana tena, kwa kuwa hatari ilikuwa inabisha mlangoni usiku.

Miaka michache baadaye ikaja kesi ya Kavumu. Kati ya 2013 na 2016, wasichana wadogo zaidi ya 40, wengine wakiwa hawajatimiza hata miaka miwili, walichukuliwa usiku nyumbani kwao, si mbali sana na Bukavu, wakabakwa. Walitibiwa Panzi. Waganga waliwapasua, na pia waliandika: umri, tarehe, aina ya jeraha, mtaa. Mtoto mdogo hawezi kusimama mbele ya hakimu kueleza. Jeraha lililoandikwa vizuri, likiwekwa pembeni ya mengine kumi yanayofanana nalo, linaonyesha kwamba si tukio la bahati mbaya bali ni mpango.

Desemba 2017, mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini, iliyosikiliza kesi Kavumu kwenyewe, iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mmoja wao, Frédéric Batumike, alikuwa mbunge wa jimbo. Mwaka 2018, mahakama kuu ya kijeshi ilithibitisha hukumu hiyo.

Sheria za 20 Julai 2006 kuhusu makosa ya ubakaji zilikwisha kuweka wazi nafasi ya daktari katika upelelezi. Sheria ya Desemba 2022 iliyoanzisha mfuko wa FONAREV kwa ajili ya fidia za wahanga imeongeza uzito wa karatasi hiyo: leo fishi nzuri inaweza kumaanisha haki, na pia fidia. Ndiyo maana shirika la Physicians for Human Rights, pamoja na waganga wa Congo na Kenya, lilitengeneza MediCapt, programu ya simu inayomwezesha daktari kuandika uchunguzi na kuhifadhi picha za majeraha kwa usalama, karatasi isipotee wala isibadilishwe.

Usalama huo ndio moyo wa jambo. Fishi yenye jina la mgonjwa, kijiji chake na sare ya aliyemshambulia ni ushahidi, na vilevile ni hatari. Mahali popote wenye silaha wanapotawala, swali la nani ana ufunguo wa kabati, au neno la siri la kompyuta, ni swali la uhai.

Jina la nani juu ya kazi?

Utafiti wa fistula wa 2008 na ripoti ya 2010 vina kitu kimoja kinachofanana: wagonjwa ni wa Kivu, lakini walioongoza uchambuzi au walioitoa kazi hadharani walikuwa wa nje. Si dhambi. Bila ushirikiano huo, hesabu hizo pengine zingebaki ndani ya madaftari. Lakini mwenye kuandika ndiye anayechagua swali, na mwenye kuchagua swali mara nyingi ni mwenye kulipa.

Mwaka 2015, Mukwege mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 60, alipata shahada ya udaktari wa juu katika Université libre de Bruxelles kwa kazi kuhusu chanzo, aina na matibabu ya fistula mashariki mwa Congo. Miaka mitatu baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Dunia inakumbuka Nobel. Kwa wanafunzi wa UEA, shahada ile inafundisha jambo la karibu zaidi: mganga wa Bukavu anaweza kuchukua madaftari ya hospitali yake, akayapanga, akatoa humo elimu inayokubaliwa na maprofesa wa nchi yoyote.

Faida ya watafiti walio karibu na wagonjwa ilionekana tena katika jimbo hilihilo mwaka 2023, wakati waganga na watafiti wa Kongo walipoona kwamba mpox ya Kamituga haifanani na ile iliyozoeleka: ilikuwa ikienea pia kwa njia ya kujamiiana, katika mji wa wachimba dhahabu. Virusi hivyo vikapewa jina la aina Ib. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Anayeona kwanza ni yule aliye kando ya kitanda, ila ana nafasi ya kusikika tu kama amefundishwa kuandika anachokiona, na kama kuna maabara ya kumjibu.

Vita na fedha

Sasa misingi yote ya kazi hiyo inatikisika kwa wakati mmoja.

Wa kwanza ni fedha. Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo ilikuwa ikibeba sehemu kubwa ya kazi za kibinadamu nchini Congo. Fedha zinapopungua, hospitali inaokoa kwanza dawa na chakula cha wagonjwa. Utafiti unakatwa mapema, kwa sababu mtu anayeingiza fishi kwenye kompyuta haonekani kama anaokoa maisha. Hasara yake inaonekana baada ya miaka mitano, mahakama inapoomba ushahidi na hakuna.

Wa pili ni njia. Kufungwa kwa uwanja wa ndege na kusimama kwa benki katika maeneo yaliyotekwa kumefanya kila agizo la dawa au kipuri kuwa safari ndefu ya mipakani, na kila mshahara kuwa tatizo. Mji umetengwa na Kinshasa, wakati diploma, leseni na ruhusa za utafiti bado zinatoka Kinshasa.

Wa tatu ni watu. Hospitali ya kufundishia inaishi kwa mnyororo: bingwa anafundisha daktari kijana, kijana anamfundisha mwanafunzi wa mazoezi. Bingwa mmoja wa fistula akiondoka, anaondoka na miaka 10 ya mikono. Jengo linabaki, lakini mnyororo umekatika.

Serikali nayo haiwezi kujificha nyuma ya vita. Mwaka 2001, nchi za Afrika ziliahidi mjini Abuja kutenga 15 kwa 100 ya bajeti zao kwa afya. Congo haijafika hapo. Kwa robo karne, nchi imejivunia Panzi kwenye majukwaa ya kimataifa huku ikiacha mzigo wake ubebwe na makanisa, mashirika na wafadhili. Vita vya sasa vimeonyesha bei ya uamuzi huo: mfadhili anapoondoka kwa sababu zake mwenyewe, hakuna wa kushika nafasi yake.

Cha kuangalia sasa

Mambo matatu yatasema kama elimu ya Panzi itabaki Kivu. Kwanza, usalama wa fishi: kama zimenakiliwa na kuhifadhiwa mahali salama, kwa namna ambayo siri ya mgonjwa inalindwa na ushahidi haupotei. Pili, wanafunzi: kama UEA na vyuo vingine vya Bukavu vitaendelea kutoa mabingwa, na kama diploma zao zitatambuliwa bila kujali nani anatawala mji. Tatu, fedha za Congo yenyewe, hata kidogo, kwa ajili ya kazi ya kuandika na kuchambua, ili swali la utafiti liweze kutoka Bukavu bila kungoja barua ya Boston au Brussels.

Tena kuna deni kwa wagonjwa wenyewe. Wanawake wale 604 walikubali kueleza jambo ambalo wengi hawawaambii hata dada zao. Walitoa habari zao zikawa elimu. Katika milima ya Walungu na misitu ya Shabunda, leo pia kuna mama aliyekwama na mtoto tumboni tangu jana. Hesabu iliyotoka kwa wenzake ilikwisha kusema, tangu 2008, anachohitaji: barabara, gari, na mtu anayejua kupasua aliye karibu. Jibu linajulikana. Kilichobaki ni kulitekeleza.